OJS kwa majarida yetu ya Kiswahili: mhariri anapumua, msomaji wa simu bado anateseka

Wadau wa majarida ya kitaaluma, wahariri, wanafunzi wa uzamili mnaohangaika kutafuta makala, na nyie vijana wa IT mnaoambiwa "tengeneza tovuti ya jarida" bila hata kuelezwa jarida linafanyaje kazi, hii ni yenu. Niko kwenye dawati la jarida dogo la chuo, tunatoa makala za lugha na fasihi, nyingi kwa Kiswahili, na chombo chetu cha kila siku ni Open Journal Systems, kwa kifupi OJS. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuijua ndani nje ndo maana nataka niisemee vizuri, kwenye uzuri wake na pale inapobana, manake naona taasisi nyingi zinaifunga kwenye seva halafu zinaiacha vilevile ilivyotoka.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa upande wa ofisi, yani kupokea makala, kuzipitia na kuzihariri, sijaona kitu cha bure kinachoifikia. Kwa upande wa msomaji bado kuna kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu sisi tunaoiendesha.

Kwa asiyeijua, OJS ni programu ya kuendeshea jarida mwanzo mwisho. Imetokana na mradi wa Public Knowledge Project ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998 pale Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, OJS yenyewe ikatoka mwaka 2001, na sasa makao ya mradi yako Simon Fraser University hukohuko Kanada. Leseni yake ni huria, unaichukua, unaibadili unavyotaka, unaiweka kwenye seva yako na hakuna atakayekuja kukudai. Watu wa mradi wenyewe walipohesabu majarida yaliyokuwa hai mwaka 2020 walikuta zaidi ya 25,000 yanaitumia, katika nchi 136, na karibu asilimia 80 yako nchi za Kusini mwa dunia. Hata wewe umeshaipitia bila kujua: ukifungua makala ukaona kwenye linki kuna index.php, kisha jina la jarida, kisha article/view na namba, hiyo ni OJS. African Journals Online, AJOL, iliyoanza 1998 na sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, nayo imejengwa juu ya hiyohiyo.

Ili uone kwa nini hili ni jambo kubwa, angalia upande wa pili. Jarida kubwa la sayansi la Nature walipofungua mlango wa kuchapa makala isomwe bure na kila mtu, kuanzia 2021, walipanga ada ya euro 9,500 kwa makala moja, kwa hela ya Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni 20. Mhadhiri gani wa huku atatoa hiyo mfukoni? Majarida mengi ya OJS hayamtozi mwandishi na hayamtozi msomaji. Gharama inabaki kwenye seva, domeni na muda wa watu, na kwa bei tulizokuwa tunaletewa na matbaa, seva na domeni kwa mwaka ni nafuu kuliko kuchapa toleo moja la karatasi.

Sasa uzuri ambao kwangu ni mkubwa kuliko wote: kazi ya uhariri inatoka kwenye imeili ya mtu na kuwa mali ya jarida. Ule utaratibu wa zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, mwandishi anatuma makala kwa imeili binafsi ya mhariri mkuu, mhariri anamtumia mpitiaji, mpitiaji anajibu kwa WhatsApp, faili lililorekebishwa linaitwa "makala mpya mwisho kabisa 3", halafu mhariri anaenda masomoni au anastaafu na kila kitu kinaondoka naye. Mwandishi anakaa mwaka mzima hajui makala yake imekataliwa au imepotea, na kuuliza anaogopa kwa sababu anayemuuliza ni mkubwa wake kazini. Kwenye OJS makala ikiingia inapewa namba, inapita hatua nne zinazoonekana, kupokelewa, kupitiwa na wataalamu, kuhaririwa lugha, kisha kuandaliwa kwa ajili ya kutoka. Kila uamuzi unabaki na tarehe na jina la aliyeufanya. Mwandishi anaingia na akaunti yake anaona mwenyewe iko wapi, hamsumbui mtu na hakuna wa kumzungusha. Kwa kijana anayesubiri makala ili apande daraja hilo ni jambo la haki kabisa.

Wapitiaji nao wamefikiriwa. Tatizo la maprofesa wetu wengi si uvivu, ni pasiwedi, mtu ana akaunti kwenye majarida sita na kila moja linataka neno la siri lake. OJS ina sehemu ya kuwasha ambapo mpitiaji anatumiwa linki yake peke yake kwenye imeili, anabofya anaingia moja kwa moja kwenye makala bila kuulizwa pasiwedi. Iwasheni hii, nawaomba sana, majibu yanarudi. Kuna na vikumbusho vya kujituma vyenyewe siku zikikaribia au zikipita. Halafu pale mwandishi anapopakia faili anapewa maelekezo ya kuficha utambulisho wake ili mpitiaji asimjue, na hapa wahariri muwe makini, manake faili la Word linabeba jina la mwenye kompyuta kwa ndani hata kama kwenye ukurasa wa kwanza umelifuta, mpitiaji akifungua sifa za faili anamuona huyo hapo, na uficho wote umekwisha.

Kwenye Kiswahili, OJS inatupa kitu ambacho wengi hatukitumii. Kila makala inaweza kuwa na kichwa na ikisiri kwa lugha zaidi ya moja, sanduku la Kiswahili lake na la Kiingereza lake. Ukijaza yote mawili, mwanafunzi anayetafuta "utendi wa Kiswahili" anaipata na mtafiti wa Leipzig, Ujerumani, anayetafuta kwa Kiingereza naye anaipata. Kinachoonekana kwenye majarida mengi ni kichwa cha Kiingereza kimebandikwa kwenye sanduku la Kiswahili, ikisiri imerukwa, maneno muhimu hayapo, na kwenye sanduku la jina la kwanza mtu kaandika "Dkt." Basi ile "Dkt." inasafiri mpaka Google Scholar, kile kitafutio cha makala za kitaaluma, mpaka kwenye Zotero ya mwanafunzi, ile programu ya kutunzia marejeleo, mpaka kwenye marejeleo ya tasnifu yake, kana kwamba Daktari ni jina alilopewa mtu na wazazi wake. Dakika kumi za kujaza vizuri haya masanduku zina maana kwa jarida kuliko bango lolote utakaloweka juu ya ukurasa.

Na barua! Imeili zote zinazotoka kwenye mfumo zina templeti unazoweza kuziandika upya. Zilizokuja nazo ni za Kiingereza kikavu, kwa hiyo mzee aliyefundisha fasihi miaka thelathini anapokea ujumbe unaomwambia bonyeza hapa ukubali au ukatae, anaona ni matapeli anafuta. Sisi tumeandika yetu: "Kwako Profesa, tunatumaini u mzima. Tumepokea makala inayogusa eneo lako la utafiti na tungeshukuru ukitusaidia kuipitia ndani ya wiki nne." Salamu kwanza, ombi baadae, shukrani mwishoni, kama barua ya mtu kwa mtu mzima inavyotakiwa kuwa. Jina la makala na linki mfumo unajaza wenyewe. Tangu hapo wazee wanajibu, hata anayekataa anakataa kwa uungwana na anatutajia mtu mwingine.

Haya, tuje kwenye simu.

Tangu OJS 3 ilipotoka mwaka 2016 kurasa zenyewe zinakaa vizuri kwenye simu, orodha ya matoleo inasomeka, ikisiri inasomeka, safu ya pembeni inashuka chini. Shida inaanza ukibofya makala. Inafunguka PDF. Na PDF ilivyoletwa na Adobe mwaka 1993 lengo lilikuwa ukurasa utoke vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa, ni karatasi iliyowekwa kwenye kioo. Karatasi ya A4 yenye safu mbili na herufi za saizi 10 ukiileta kwenye simu ya kawaida, msomaji anafanya hivi: anakuza kwa vidole viwili, anashuka na safu ya kushoto hadi chini, anapanda tena juu, anasogea kulia, anashuka tena, akifika kwenye tanbihi anashuka chini kuisoma, akirudi mstari umeshampotea. Hapo bado hatujasema bando. Matoleo ya zamani yaliyoskaniwa yana faili za megabaiti ishirini na kuendelea, mwanafunzi aliyeko Sumbawanga au Pemba ana bando la siku, anaangalia kile kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa anaomba mwenzake amtumie picha za kurasa kwenye WhatsApp. Hao ndo wasomaji wetu halisi, wanasoma kwenye daladala, bwenini, kwenye foleni ya benki, na sisi tunawapangia kurasa kana kwamba kila mmoja ana printa nyumbani.

Na hata hiyo PDF yenyewe tunaipanga vibaya. Programu za kupangia kurasa zikiachwa kwenye mipangilio ya Kiingereza zinakata maneno ya Kiswahili mwisho wa mstari kwa sheria za Kiingereza, unakuta "wanafun-zi" na "kusin-di-kiza", kwenye jarida la isimu kabisa, linalofundisha watu silabi nyingi za Kiswahili zinaishia na irabu. Zima ukataji wa maneno, au panga mstari ulingane upande wa kushoto tu na upande wa kulia uachwe huru. Tumia safu moja badala ya mbili. Saizi ya herufi ipandishe. Hayo hayahitaji bajeti wala kibali cha bodi.

Dawa yenyewe hasa ni kutoa makala kwa HTML, yani ukurasa wa kawaida wa tovuti, pembeni ya PDF. OJS inaruhusu, makala moja inaweza kuwa na vitufe viwili chini yake, kimoja PDF kimoja HTML, na kuna plagini, yani vipachiko vya kuiongezea OJS uwezo, za kusomea faili za JATS, ile XML inayotumiwa na wachapishaji wakubwa. Dunia inaelekea huko. arXiv, ile hazina ya makala za fizikia na hisabati iliyoanza 1991, tangu Desemba 2023 inatoa HTML kwa makala mpya zilizoandikwa kwa TeX, programu ya kupangia maandishi ya kisayansi, na sababu kubwa waliyoitoa ni wasomaji wasioona wanaotumia programu za kusomewa maandishi, ambao PDF inawapa tabu sana. Sisi huku tunao wanafunzi wasioona vyuoni na mara nyingi tunawasahau kabisa tukiongelea majarida.

Ila nisiwadanganye, hapa OJS inakuachia mzigo mwenyewe. Hakuna kitufe cha kubadili Word kuwa HTML safi. Lazima mtu akae asafishe faili, aweke vichwa vidogo kama vichwa, jedwali kama jedwali, tanbihi ziwe na linki za kwenda na kurudi. Kwa sisi wa fasihi kazi ngumu kuliko zote ni mashairi. Mshororo wa shairi la mizani 16 una vipande viwili, ukwapi na utao, nane kwa nane, na kwenye kitabu vinakaa mstari mmoja vikitenganishwa na mkato. Kwenye simu mshororo hautoshi upana, basi unakatika popote, neno moja la utao linadondoka peke yake mstari wa chini, ubeti wa mishororo minne unaonekana kama una minane iliyovurugika na kina cha kati hakionekani kabisa. Mwanafunzi anayejifunza arudhi atajifunza nini hapo? Tulichofanya ni kuufunga kila ukwapi na kila utao ndani ya alama yake kwenye HTML, kisha kwenye CSS, yani maelekezo ya muonekano wa ukurasa, tukaamuru kwamba kioo kikiwa chembamba utao ushuke chini mzimamzima na uingie ndani kidogo, kioo kikiwa kipana virudi kukaa sambamba. Vina vya kati vinaonekana, vya mwisho vinaonekana, mtu anausoma ubeti kwa pumzi yake. Mistari michache tu ya CSS, inapachikwa kwenye sehemu ya muonekano bila kugusa programu yenyewe. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye dawati hili.

Kuonekana Google Scholar: OJS inaweka yenyewe alama zinazohitajika, kichwa, mwandishi, tarehe, faili liko wapi. Ila kuna vitu ukivikosea alama hazikusaidii. Pakia kila makala na faili lake, usipakie toleo zima kama PDF moja ya kurasa 180, hapo makala kumi na mbili zinapotea kwa mpigo. Faili lisizidi megabaiti 5, ndo kikomo wanachokitaja Scholar wenyewe. Na kama umeskani karatasi, hakikisha maandishi yanatambulika kama maandishi, jaribu kutafuta neno ndani ya PDF, likikosekana ujue uliyonayo ni picha tu na hakuna mashine itakayoisoma.

DOI, ile namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, pia inashikana na OJS vizuri, kuna plagini ya Crossref, shirika linalosajili DOI, inatuma taarifa za makala moja kwa moja. Wahariri wengi wa Tanzania na Uganda wanakimbia DOI wakidhani ni ghali, wakati tangu Januari 2023 Crossref wana mpango wa GEM unaofuta ada ya uanachama na ada ya kusajili makala kwa nchi zenye uwezo mdogo kiuchumi, na Tanzania na Uganda zote zimo. Peleka maombi.

Upande wa seva ndo penye maumivu. OJS inahitaji kuapdetiwa, na kuapdeti si kubofya kitufe kimoja, inataka mtu anayejua kutunza nakala ya hifadhidata kabla hajagusa chochote. Majarida yaliyoachwa na OJS za zamani yanavamiwa, unafungua ukurasa wa jarida la heshima unakuta matangazo ya kamari kwa lugha ya mbali. Kuna jarida moja nalifahamu lilikaa na uchafu huo wiki kadhaa, kampuni iliyowahosti ikawa inasema si jukumu lao, chuo kinasema ni la kampuni. Mambo mawili yanapunguza hatari kwa kiasi kikubwa: folda la mafaili lililotajwa kwenye config, lile faili la mipangilio, liwekwe nje ya folda la wazi la tovuti, na fomu ya kujisajili iwekewe kizuizi cha roboti, la sivyo utaamka una maelfu ya wasomaji hewa. Imeili nazo zitumwe kupitia SMTP, yani seva ya kutumia imeili, ya domeni yenu, ukiziacha zitoke kienyeji zinaishia kwenye spamu na wapitiaji wako wote utawaona wabaya bure.

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi: jarida likiwa kwenye OJS ina maana ni la kuaminika? Hapana. Programu ni ya bure na matapeli wanaokusanya ada bila kupitia makala nao wanaipata. Angalia bodi ya wahariri, soma makala mbili tatu, uliza mtu wa fani yako.

Jambo ambalo naomba kila anayeendesha OJS alifanye wiki hii ni hifadhi. Majarida ya huku yanazimika kimyakimya, mtu aliyekuwa analipia domeni kahama, mwaka ukipita linki zote zimekufa na makala za watu zimekufa nazo. Tangu 2016 mradi wa PKP una mtandao wa kuhifadhi, unatumia mfumo wa LOCKSS uliobuniwa Stanford ambapo nakala za jarida zinatunzwa kwenye seva za taasisi tofautitofauti, na jarida likizimika makala zinafunguliwa kwa umma kutoka huko. Ni bure. Masharti ni jarida liwe na ISSN, ile namba ya utambulisho wa jarida, na liwe limeshachapisha angalau makala moja. Ingia kwenye orodha ya plagini, tafuta ya PKP Preservation Network, kwa kifupi PKP PN, isakinishe, iwashe, soma masharti uyakubali, kisha rudi baada ya siku chache uangalie kama kila toleo limeandikwa limepokelewa, manake toleo lenye faili lililoharibika linagoma na lisipofuatiliwa linabaki hivyohivyo.